Kuigeuza Pikapu ya Tairi Nne Kuwa ya Tairi Sita

Simu ililia saa nne usiku. Shemeji yangu alikuwa amesimama kando ya barabara kuu ya I-70, magharibi ya Columbus, Ohio, na Ford F-350 yake ya mwaka 2008 na tela lenye magari mawili mgongoni. Lori kubwa lilikuwa limempita kwa kasi, upepo wake ukalisukuma tela, tela likaanza kutikisa mkia, mwisho mkia ukaitikisa na pikapu. "Shemeji," aliniambia huku bado anahema, "tela lilitaka kunipita." Hata sijampa pole, akanipachika swali ambalo ni wazi alikuwa nalo siku nyingi: zile tairi mbili za ziada nilizonazo nyuma kwenye pikapu yangu, na yeye hawezi kujifungia mwenyewe?

Nikamjibu kwamba zinafungika, maana mimi nilifunga. Sikumwambia usiku ule kwamba nilifunga mara mbili, na mara ya kwanza nusura niue mtu.

Swali lake naulizwa sana. Waswahili wengi tulioko Marekani, Watanzania, Wakenya, na siku hizi Wakongo kwa wingi, tumeingia kwenye kazi ya kuvuta matela kwa pikapu: kubeba magari ya mnada, matrekta madogo, mbao, mabomba. Mtaji wa lori zima ni mkubwa, pikapu mtu anaimudu. Na anayeanza karibu kila mara hununua ile ya tairi nne, kwa sababu ni rahisi kupatikana na mke hakatai kwenda nayo sokoni. Miezi sita baadaye anaitamani ya tairi sita. Si tamaa ngeni. Chevrolet walianza kuiuza pikapu ya namna hiyo kutoka kiwandani mwaka 1973, na hadi leo Ford F-350, Ram 3500 na Chevrolet Silverado 3500 zinatoka kwa sura zote mbili. Hapo ndipo mtu anapojiambia: kama gari ni lilelile, si ni suala la rimu na tairi tu?

Si rimu na tairi tu. Lakini tuanze kule nilikomwanzisha shemeji.

Mzani kwanza

Kwenye vituo vya malori kote Marekani kuna mizani ya CAT Scale. Unapanda na gari lako na tela, unalipa, unapewa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na ekseli za tela, kila moja peke yake. Kisha unalifungua tela mahali salama, unarudi kupima pikapu tupu. Toa uzito wa pikapu tupu kwenye uzito wa pikapu iliyofungwa tela. Kinachobaki ndicho tela linachokuegemezea mgongoni.

Tela la kufungwa nyuma, chini ya bampa, linatakiwa liegemeze kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. La shemeji na mzigo wake lilikuwa pauni 11,000, karibu kilo 5,000. Kwa hiyo pikapu ilipaswa kubeba kati ya pauni 1,100 na 1,650. Karatasi ilisema 600. Alikuwa ameliweka gari zito nyuma ya tela na gari jepesi mbele, kwa sababu ndivyo yalivyomjia kwenye foleni ya kupakia. Tela lisiloegemea mbele linayumba. Ungelifunga nyuma ya pikapu ya tairi sita lingeyumba vilevile. Ungechelewa tu kulisikia, na kuchelewa huko kuna hatari yake.

Alibadilisha mpangilio wa magari, akarudi mzanini, akapata 1,300. Safari iliyofuata hakunipigia simu.

Nimeitanguliza habari hii kwa makusudi. Nusu ya watu wanaotaka kuongeza tairi wana ugonjwa mwingine: mzigo uliokaa vibaya, upepo pungufu kwenye tairi, au breki za tela zisizoshika. Tibu hayo kwanza, ni bei nafuu. Ukishayatibu na bado unataka kuvuta kikubwa zaidi, hasa lile tela linalofungwa katikati ya bodi juu ya ekseli, wanaloliita gusineki, basi soma uendelee.

Hesabu ya tairi

Ubavuni mwa tairi za pikapu nzito kuna namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju. Tairi nyingi za F-350 ya tairi sita ni LT245/75R17 zenye 121/118. Namba ya kwanza ni uwezo wake ikiwa peke yake, kilo 1,450. Ya pili ni uwezo wake ikiwa na pacha ubavuni, kilo 1,320. Inashuka kwa sababu pacha hawagawani mzigo sawa kwa sawa kila wakati, barabara ina mgongo, na tairi ya ndani imebanwa kati ya breki na mwenzake haipati hewa. Nne ukizijumlisha ni kilo 5,280.

Sasa F-350 ya tairi nne yenye LT275/70R18, namba 125: kila moja kilo 1,650, mbili ni kilo 3,300.

Chukua tela la gusineki la pauni 14,000. Hili huegemeza asilimia 20 hivi, yaani pauni 2,800. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu tupu ina 3,200, na kifungio, sanduku la vifaa na abiria wanaongeza 500. Jumla 6,500, karibu kilo 2,950. Tairi mbili zitaubeba mzigo huo, lakini zitakuwa zimetumia asilimia 89 ya nguvu zao. Nne zitakuwa kwenye asilimia 56. Tofauti utaiona mwezi wa saba, barabara ya lami ya Oklahoma inawaka, unakwenda maili 65 kwa saa, na tairi moja ya nyuma inapasuka. Kwenye tairi nne unabaki na moja upande mmoja na rimu inayokwaruza upande wa pili. Kwenye tairi sita unasikia mlipuko, unashika usukani, unaegesha, unatafuta jeki.

Faida ya pili ni upana. Pikapu ya tairi sita ya kiwandani ina upana wa karibu inchi 96 nyuma, na msingi huo mpana ndio unaozuia tela kuizungusha pikapu. Hili hulipati hata ukinunua tairi kali namna gani.

Ambacho hakibadiliki ni kibandiko. Fungua mlango wa dereva utakikuta kwenye nguzo: GVWR, uzito wa juu wa gari na mzigo wake, na GAWR, uzito wa juu wa kila ekseli. Namba hizo kiwanda kilizitoa kwa gari lile lilivyotoka, na wewe kwenye gereji yako huna mamlaka ya kubandika nyingine. Ukifunga tairi sita kwenye gari la GVWR pauni 11,500, mbele ya askari na mbele ya kampuni ya bima bado ni gari la 11,500. Fremu ni ileile, rejeta ni ileile, breki za mbele ni zilezile.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Sheria ya Marekani inataka leseni ya CDL, ile ya udereva wa kibiashara, pale GVWR ya gari na ya tela zikijumlishwa, au uzito halisi ukipimwa, zinapofika pauni 26,001, na tela likiwa zaidi ya 10,000. Pikapu ya 11,500 na tela la 14,000 ni 25,500, unapita. Pikapu ya tairi sita ya kiwandani yenye 13,000 na tela hilohilo ni 27,000, rudi darasani. Ndiyo maana baadhi ya watu hupenda kugeuza kuliko kununua: wanapata utulivu wa tairi sita huku kibandiko kikibaki kidogo. Sikatai, hesabu ni halali. Ila usiichukue kama ruhusa ya kupakia, maana mzani wa barabarani hausomi kibandiko, unasoma uzito. Na anayevuta kwa biashara kutoka jimbo hadi jimbo, gari na tela vikizidi pauni 10,000 tayari anahitaji namba ya USDOT, awe na tairi nne au sita.

Gari gani linageuzika

Kabla ya yote, angalia ekseli. Geuza tu gari ambalo uzito wake unabebwa na beringi za habu, na shafti kazi yake ni kuzungusha basi. Kulitambua si kazi: toa kifuniko cha rimu ya nyuma. Ukiona kitovu kimechomoza na bolti zimezunguka uso wake, shafti unaweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Hiyo inafaa. Ukikuta rimu imefungwa kwenye sahani ya shafti yenyewe, kama kwenye F-150 na pikapu nyingi ndogo, acha. Shafti ile inabeba na kuzungusha kwa wakati mmoja, ukiitundikia tairi mbili nje unaivunja.

Ndugu walioko nyumbani huniuliza kuhusu Hilux. Jibu langu ni hapana, kwa sababu hiyohiyo. Land Cruiser ya 70 ina ekseli ya namna inayofaa, lakini anayehitaji tairi sita Arusha au Eldoret ana Canter na Dyna za kuchagua, zimetoka kiwandani na tairi pacha, vipuri viko kila duka. Kugeuza pikapu kule ni kujitafutia kazi.

Kwa Marekani, kanuni yangu ni moja: geuza gari ambalo kiwanda chake, mwaka uleule, kiliuza pia toleo la tairi sita. F-350 inageuzika kwa sababu kuna F-350 nyingine ya kuichinja. F-250 inakaribia sana kwa umbo, ila kibandiko chake kinaanzia chini zaidi, na sioni faida.

Njia ya mkato, na jinsi ilivyonikata

Madukani na kwa watu kuna adapta: kipande kizito cha chuma au alumini unachokifunga kwenye habu ya ekseli yako ya tairi nne, kina stadi zake, rimu mbili zinakaa juu yake. Siku moja ya kazi, bila kugusa difu. Mimi nilinunua za mitumba kwa mtu, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama viatu vya Idi. Nikazifunga Jumamosi, Jumapili nikavuta.

Baada ya kilomita kama 1,100 nikaanza kusikia "tik, tik" kwenye kona. Nikasimama. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa na michirizi ya kutu ikitoka kwenye nati, kama machozi. Stadi mbili kati ya nane zilikuwa zimekatika. Zilizobaki, tatu nilizizungusha kwa vidole.

Makosa yalikuwa mawili na yote yangu. Ile rangi niliyoipenda ilikuwa hadi kwenye uso unaogusana na habu. Rangi chini ya mkazo husagika, ikisagika nafasi inabaki, nati inalegea bila kuzunguka hata kidogo. Nyuso zinazogusana lazima ziwe chuma kitupu, safi, bila rangi, kutu wala grisi. Kosa la pili: sikurudia kukaza. Kitabu cha Ford kinataka nati zikazwe tena ndani ya maili 100 za mwanzo, yaani kilomita 160. Mimi nilikwenda mara saba ya hapo.

Hata ungefanya kila kitu sawa, adapta ina tatizo lake la kuzaliwa. Beringi za habu zimepangwa zibebe mzigo unaoshuka karibu na katikati yake. Adapta nene inausogeza mzigo nje, na beringi zinaanza kubeba kwa kupindwa. Wapo wanaozitumia miaka na miaka kwa mizigo ya kiasi. Mimi nimeacha, na sizishauri kwa anayevuta kila siku.

Njia ndefu

Njia iliyobaki ni kubadili ekseli nzima. Tafuta kwenye yadi ya magari ya ajali pikapu ya tairi sita ya kizazi kilekile, iliyogongwa mbele. Nasema pikapu, maana mtego mkubwa uko hapa: kuna F-350 zilizouzwa bila bodi, fremu tupu nyuma, kwa ajili ya kufungwa bodi za mafundi. Fremu zao nyuma ni nyembamba zaidi, inchi 34 hivi, na ekseli zao hazikai chini ya fremu pana ya pikapu. Muuzaji atakwambia "ni ileile". Chukua futi upime umbali kati ya viti vya springi, kushoto hadi kulia, kwenye gari lako na kwenye hiyo ekseli. Zisipolingana, ondoka.

Usinunue ekseli peke yake. Nunua ekseli kutoka habu hadi habu pamoja na breki zake na kebo za breki ya mkono, springi na sahani zake, shokabu, propela, rimu zote sita na nati zake, virefusho vya habu za mbele, na bodi au angalau madgadi zake. Utakachoacha yadi ndicho utakachorudia kukinunua bei mara mbili. Kwenye F-350 za 2008 hadi 2010, ekseli ya tairi nne ni Sterling ya inchi 10.5 na ya tairi sita ni Dana 80, kwa hiyo usitegemee propela yako ya zamani iingie, urefu na maungio ni vitu vya kupima.

Rimu nazo zina siri. Tangu 2005 Ford ya tairi nne ina bolti nane kwenye duara la milimita 170, ya tairi sita ni milimita 200. General Motors kuanzia 2011 ni 180 na 210. Ukibadili nyuma ukaacha mbele, utatembea na spea mbili za aina mbili. Rimu za tairi pacha zina tumbo refu ili ya ndani na ya nje zigeuziane migongo bila tairi kugusana. Ukizifunga mbele bila kirefusho cha habu, tairi itaingia ndani na kuparuza. Ndiyo sababu pikapu za tairi sita huwa na kitovu kilichochomoza mbele kama kikombe.

Sasa jambo moja: ukisahau yote mengine, hili lisahau la mwisho. Kama pikapu yako huvuta kwa ekseli zote mbili, ya mbele na ya nyuma, uwiano wa gia za difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele. Pikapu nyingi za tairi nne zina 3.73, za tairi sita mara nyingi 4.10 au 4.30. Ukichanganya, siku utakapoingiza gia ya mbele kwenye lami kavu, ekseli mbili zitagombana na giaboksi ndogo inayogawa nguvu ndiyo itakayolipa. Usimwamini muuzaji, hesabu mwenyewe: inua ekseli, weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Kama difu ni ya kawaida, mwenzio ashike habu ya upande mmoja isizunguke, wewe zungusha upande wa pili mara mbili kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Mara tatu na karibu robo tatu ni 3.73. Mara nne na ushee ni 4.10. Isipolingana, ama ubadili gia za difu moja, kazi ya fundi mwenye vipimo, ama utafute ekseli nyingine.

Kazi yenyewe nilidhani ni wikendi moja, ikawa tatu. Sakafu iwe ya zege na tambarare, kwa sababu ekseli kama Dana 80 ni mzigo wa watu wanne na jeki ya kawaida ya chini haiishiki vizuri. Tuliazima jeki ya giaboksi na kuifunga ekseli kwa mkanda. Bodi ilitolewa kwanza. Ukishaitoa, kila kitu kinaonekana na mgongo wako utakushukuru. Fremu iwekwe juu ya stendi nene mbele ya springi, na kama mtu anakuambia jeki inatosha, mwambie aingie yeye.

Bolti za U zinazoshika springi na ekseli nunua mpya. Hizo hukazwa mara moja tu maishani. Usizikaze mwisho gari likiwa limening'inia: zibane kiasi, shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa tokiwrenchi. Kabla ya kufunga propela angalia pembe zake. Pua ya difu ikitazama juu au chini kuliko ilivyokuwa, utapata mtetemo kwenye maili 50 na utaushitaki kila kitu isipokuwa chanzo. Badili oili sili za habu wakati ekseli iko chini, ni rahisi kuliko kuzifuata baadaye. Mafuta ya difu mapya. Breki zitolewe hewa hadi pedali iwe ngumu kama jiwe. Waya wa sensa ya ABS uunganishwe, na kama taa ya njano imewaka kwenye dashibodi usiifunike kwa stika.

Nati za rimu za Ford hizi ni pauni-futi 165, sawa na Nm 224. Kaza kwa mtindo wa nyota, kisha rudia baada ya kilomita 160. Usinifanye niseme tena.

Mwisho ni taa. Gari lenye upana wa inchi 80 na zaidi Marekani linatakiwa liwe na taa za upana na taa tatu za utambulisho, njano mbele na nyekundu nyuma. Ndizo zile taa tano juu ya paa la pikapu za tairi sita, watu hudhani ni mapambo. Madgadi zikishapanuka, na wewe zinakuhusu. Mpigie simu na mtu wa bima, umweleze ulichobadili kwa maandishi. Mjadala huo ni mrahisi kabla ya ajali.

Kuna njia ya katikati ambayo hupendekeza kwa wanaovuta kiasi: rimu za inchi 19.5 na tairi za malori madogo, kama 225/70R19.5 yenye namba 128/126. Kila moja ikiwa peke yake ni kilo 1,800, mbili ni 3,600. Ubavu wake ni mgumu, gari halichezi. Hupati upana wala tairi ya akiba pale moja ikipasuka, na gari tupu linarusha. Ila hukugusa ekseli.

Ukishakuwa nayo

Tairi pacha zinataka mwenye nidhamu. Zipime kipenyo: wawili wa upande mmoja wasipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi, vinginevyo kubwa inabeba na ndogo inaburuzwa. Kwa hiyo usinunue moja mpya ukaiweka na kongwe. Upepo wa tairi ya ndani ndio husahauliwa, kwa kuwa kuinama kunachosha. Tafuta virefusho vya valvu vya chuma vilivyoshikiliwa vizuri. Kila kituo, chungulia katikati ya pacha. Jiwe likikwama pale halitoki lenyewe, litakula ubavu au litaruka kwenye kioo cha aliye nyuma yako. Tairi zikiwa na mzigo, ubavu wa moja usiguse wa mwenzake hata kidogo.

Na theluji. Walioko Iowa, Minnesota au Maine watasikitika kujua kwamba pikapu ya tairi sita ikiwa tupu huteleza kuliko ya tairi nne, kwani uzito uleule mdogo umegawanywa kwa tairi nyingi na hakuna inayobana chini. Mimi hubeba mifuko ya mchanga kuanzia Desemba. Mafuta yanaliwa zaidi kidogo, mashine za kuosha magari hazikutaki, na dirisha la kununulia chakula bila kushuka sahau kabisa.

Ukiniuliza kwa pesa, nitakujibu bila kuzunguka: kama unaweza kuuza ya tairi nne na kununua ya tairi sita ya kiwandani, fanya hivyo. Utapata kibandiko kikubwa, fremu yake, breki zake, na utalala wikendi zako tatu. Kugeuza kuna maana kwa mtu mwenye gari zima analolijua injini yake, aliyepata gari la kuchinja likiwa kamili, na mwenye mahali pa kufanyia kazi. Mimi nilikuwa na vyote vitatu, cha tatu kwa hisani ya jirani.

Shemeji bado ana tairi nne, anavuta magari mawili, na mzani wa kituo kilicho karibu naye wanamjua kwa jina. Pikapu yangu nilizikagua nati zake jana asubuhi kabla ya kupakia. Thelathini na moja zilikuwa imara. Moja, nyuma kulia, ilikubali robo mzunguko.